Kabla ya AC ya sola, pandeni kwanza juu ya paa

Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji wenu wa Nyali mliyoitoa wiki jana, yule aliyesema jua linampozea nyumba bure kwa AC ya sola, akatushangaa sisi wa Majengo hapa Mombasa tunaoendelea kuokwa kama mikate ya mofa. Sina ugomvi naye, heri yake. Ila barua ile imenitia kazini. Kamati ya msikiti wetu imeikata gazetini, ikaibandika kwenye ubao wa matangazo, na sasa inataka kuchangisha pesa za AC sita pamoja na paneli za sola za kuziendesha. Mimi nimetengeneza mafriji katika mji huu kwa zaidi ya miaka arubaini, na joto ndilo lililonisomeshea wanangu. Kabla mchango haujaanza kupitishwa, naomba nami nafasi yangu.

Jambo ambalo wateja wangu hawakupenda kulisikia ni kwamba friji haitengenezi baridi. Hakuna mashine inayotengeneza baridi. Friji hulichota joto la ndani ikalimwaga nje, kama baharia anayekumba maji kwenye mtumbwi. Weka mkono nyuma ya friji yako utalikuta joto lenyewe limekaa pale. AC ni friji ambayo ndani yake tumeingia sisi. Kwa hiyo mtu akinijia kulalamika chumba chake kinachoma, simuulizi anataka AC ya tani ngapi. Namuuliza mtumbwi wake unavujia wapi.

Nyumba zetu nyingi huvujia juu. Yangu ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, bati juu; marehemu baba aliijenga mimi bado sijatiwa chuoni. Mwaka juzi, mwezi wa pili, upepo umelala hata jani la mwarobaini halitikisiki, nilipanda na kipimajoto changu cha kazi mnamo saa saba na nusu mchana. Nje, kivulini, nyuzi 32. Bati kwa upande wake wa chini, nyuzi 64. Nikashuka chumbani kwa mpangaji wangu ambaye hakuwa na silingi, yaani dari ya bodi chini ya bati, nikapima godoro lake: 39. Yule bwana hufanya zamu ya usiku bandarini, kwa hiyo saa saba mchana ndiyo usiku wake. Alikuwa na panka mbili na bado alilala sakafuni ukumbini, mlango wazi, kila apitaye amruke.

Watu hudhani hewa ndiyo inayowachoma. Bati likifika nyuzi 60 na kitu huwa kama jiko la makaa lililogeuzwa kifudifudi juu ya kichwa chako. Joto lake linakuja moja kwa moja mwilini kama unavyolihisi usoni ukiota moto, na panka haiwezi kulipeperusha. Kutia AC chini ya bati la namna hiyo ni kutwanga maji kinuni. Itafanya kazi, bila shaka. Itafanya kazi kutwa nzima bila kupumua, kompresa, ile pampu yake ya gesi, itakufa mapema, na utaniita mimi. Miaka mingi nilikula kwa ajili ya mabati ya watu, nakiri.

Nilichofanya ni kulipiga bati brashi ya waya, nikalipaka rangi nyeupe ya paa mara mbili. Mwezi uliofuata, siku ya jua lile lile na saa ile ile, bati lilisoma 43. Kisha nikamtilia yule mpangaji silingi bodi, nikaacha nafasi baina yake na bati, nikatoboa matundu pande zote mbili za kipaa ili hewa ya moto isijifungie mle. Godoro likashuka hadi 32, sawa na kivuli cha nje. Hapo hakuna kompresa wala tokeni. Rangi inataka kuoshwa kila mwaka baada ya mvua za masika, maana inaota ukungu, na kunguru wa Mombasa mnawajua.

Mtakumbuka mwaka 2018 kaunti ilipotoa amri majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu. Wengi walinung'unika. Mimi nilifurahi nikidhani kuna mtu amekaa akafikiri juu ya joto, kumbe ilikuwa habari ya sura ya mji. Tulipaka kuta, ambazo macho ya wageni huziona. Hapa petu, takriban nyuzi nne kusini mwa ikweta, adhuhuri jua linasimama karibu na utosi mwaka mzima, na mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na mwezi wa kumi, linapita utosini kabisa. Jua la namna hiyo halina haja na ukuta wako. Linatazama paa.

Wazee wa Mji wa Kale hawakuwa na kipimajoto lakini hili walilielewa. Kuta zao za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene kiasi cha dhiraa, zinameza joto la mchana polepole na kulitoa usiku. Vichochoro vyembamba, nyumba moja ikiikinga nyenzake. Roshani zenye mbao za kupitisha upepo na kuzuia jua. Na walijua kwamba kaskazi hutoka kaskazini mashariki na kusi kusini mashariki, yaani pepo zetu kubwa zote mbili zinatoka upande wa bahari, hivyo dirisha la mashariki bila tundu la kutokea magharibi halina faida. Leo tunajenga ghorofa lenye vioo vitupu upande wa magharibi, ambako jua la saa kumi linaingia limelala hadi kitandani, halafu tunaenda kununua AC. Nikipita Tudor au Bamburi nahesabu vyombo vya AC vilivyoning'inia kwenye kuta hizo. Wanaouza wanashukuru.

Msomaji wa Nyali asinidhanie mimi ni mzee anayechukia sola. Nina paneli sita juu ya paa hilo hilo jeupe. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi nzima ilipoingia gizani, uani kwangu kulikuwa na taa, na majirani walileta simu zao tukazipanga kwenye mkeka kama samaki mnadani. Paneli zenyewe zinanisaidia kwa njia ambayo fundi hakuniambia: nimeziinua shubiri moja na nusu kutoka kwenye bati, upepo unapita chini yake, na lile eneo lililo kivulini mwake ndilo lenye ubaridi kuliko paa lote. Nimelaza mteremko mdogo tu, kama nyuzi 10, kwa sababu ukizilaza bapa kabisa maji ya mvua hayaoshi mavi ya kunguru. Mwenye kukwambia uzisimamishe sana amesoma kitabu cha Ulaya.

Lakini paneli pia ina siri yake. Ile nambari iliyoandikwa nyuma, tuseme wati 550, imepimwa paneli ikiwa na nyuzi 25. Juu ya paa la Mombasa adhuhuri paneli inafika 60, na kila nyuzi inayozidi 25 inapunguza kama theluthi moja ya asilimia ya nguvu. Piga hesabu, zaidi ya sehemu moja katika kumi imeshakwenda kabla hujawasha kitu. Chumvi ya bahari nayo inakula viungo vya waya visivyofungwa vizuri. Mtafuteni fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kawi, mwombeni awaonyeshe leseni hiyo kwa macho yenu, na mkazitazame kazi zake za miaka mitatu nyuma, si za mwezi uliopita.

Sasa msikiti. Mtu aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi. Siku ya Ijumaa tuna watu 300 ndani, mbali na walio barazani. Hizo ni wati 30,000, sawa na kuwasha pasi thelathini na kuzipanga kwenye safu. Tani moja ya AC huhamisha wati 3,500 (hiyo tani ni deni la zamani la biashara ya barafu, maana yake ni ubaridi wa tani moja ya barafu ikiyeyuka kwa siku nzima, ingawa ni tani ya Marekani, ndogo kuliko yetu). Kwa hiyo tani nane na nusu zitakwenda kwa waumini peke yao. Muuzaji ametuandikia AC sita za tani mbili mbili, jumla tani kumi na mbili. Zinazobaki ni tatu na nusu za kupigana na bati pana kama lile, jeusi kwa kutu, lisilo na silingi, pamoja na milango minne iliyo wazi kwa sababu nusu ya watu wako nje. Karatasi ya muuzaji haikutaja bati hata mara moja.

Nitakuwa mwadilifu: kwa Ijumaa sola inafaa hasa. Khutba ni adhuhuri, jua liko utosini, mzigo na nguvu vinakuja pamoja. Ni bahati ambayo si kila jengo linaipata, na skuli na afisi zinazofungwa saa kumi zinayo pia. Shida ni tarawehe. Tarawehe ni usiku, paneli zimelala, na hapo kamati itachagua baina ya betri za bei ya gari au stima ya kawaida. Na hewa yetu ya usiku ina unyevu. Sehemu kubwa ya kazi ya AC huku pwani ni kukamua maji kwenye hewa. Yale maji yanayodondoka kutoka kwenye kibomba chake ukutani, kila lita moja imegharimu kama theluthi mbili za yuniti ya ubaridi kabla chumba hakijapoa hata nyuzi moja. Ndiyo sababu pia nawaonya na zile mashine zinazouzwa barabarani, za panka yenye sanduku la maji. Zipelekeni Garissa, kwenye hewa kavu, mtazishukuru. Mombasa zinageuza chumba kuwa hamamu.

Panka ya darini inakula kama wati 75. AC ya tani moja inakula wati 1,100 au zaidi. Kwa stima ya AC moja napata panka kumi na nne, na mtu aliye chini ya panka, bati limepakwa rangi na silingi imewekwa, anaswali bila kulowa. Panka ishirini na paneli nne au tano za kuziendesha mchana, betri ndogo ya saa tatu kwa ajili ya tarawehe: hiyo ndiyo karatasi nitakayoipeleka mimi. Pesa zitakazobaki ziende kwenye maji ya moto.

Najua mtacheka. Nani anataka maji ya moto Mombasa? Muulizeni mzazi aliyejifungua. Binti yangu alipojifungua mwezi wa saba, kusi limekaza, mke wangu alimkanda siku arubaini, asubuhi na jioni, sufuria kubwa ya maji juu ya makaa. Nilinunua magunia mawili ya makaa nikiwa nimekaa chini ya jua lenye nguvu ya kutosha kuchemsha mji. Waulizeni wazee wenye viungo, waulizeni wanaoosha maiti pale msikitini kwetu saa kumi na moja alfajiri. Waulizeni wenye mahoteli ya pwani, ambao wageni wao hawaogi maji ya baridi hata nje kuwe nyuzi 33. Kanuni za serikali za mwaka 2012 ziliwataka wenye majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku wapashe sehemu kubwa ya maji hayo kwa jua. Mtu anayechukua paneli, akageuza jua kuwa stima, akaipitisha kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza stima ya paneli iwe ya nyumbani, kisha akaitia kwenye koili ya bafu ili ipashe maji, amefanya kama aliyeuza ng'ombe akanunua maziwa. Paneli inachukua kama sehemu moja katika tano za jua. Sanduku bapa lenye kioo juu na bomba la shaba ndani linachukua nusu yake au zaidi, bila waya wala mota. Maji yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapanda yenyewe kwenye tangi, na ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake. Hata bila sanduku, fungueni koki ya lile tangi jeusi lililo juu ya dari zenu saa tisa mchana, msiweke mkono haraka. Mtambo wa jua tunao tayari, ila tunautukana.

Na mimi nimekosea hapa, niseme. Mtambo wangu wa kwanza ulikuwa wa mirija ya kioo iliyonyonywa hewa ndani, muuzaji akanisifia kwamba hata penye mawingu unachemsha. Ni kweli, unachemsha mno. Tulikwenda Lamu kwa Maulidi siku nane, hakuna aliyeoga nyumbani, tuliporudi mpira wa koki ya juu umeyeyuka na ukuta una mchirizi wa kutu. Hiyo mirija ni ya nchi za baridi kali, sisi sanduku bapa latutosha. Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Maji ya mfereji hapa yanakuja kwa zamu, mengine yote ni ya kisima, na kisima changu kina chumvi ya kutosha kupikia. Niliyaingiza kwenye tangi la chuma. Miaka miwili na miezi mitatu, chini pamekuwa kama chekecheke. Muuzaji akaniuliza kama niliwahi kubadilisha fimbo ya magnesi. Sikuwahi kusikia kuna fimbo. Inakaa ndani ya tangi ili chumvi iile yenyewe badala ya kula chuma, na kwa maji ya visima vyetu ichunguzeni kila mwaka, au maji ya kisima yasiingie kabisa mle, yapite ndani ya koili iliyozama kwenye maji safi yanayobaki tangini daima. Fundi mzima wa mafriji, niliyekuwa nikiwakemea watu kwa kutu, nikaumbuliwa na kisima changu.

Kuna jambo moja zaidi, na hili si la kamati, ni la vijana wanaosoma ufundi. Miaka ya themanini nilikuwa nikitumwa kwenye zahanati za visiwani kutengeneza mafriji ya chanjo yaliyokuwa yakitumia mafuta ya taa. Utambi unawaka chini, juu barafu inaganda, wazee wa Faza walidhani ni mazingaombwe. Joto ndilo linaloendesha mzunguko wa amonia mle ndani, hakuna kompresa. Na kama utambi unaweza, jua linaweza: kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1878, Mfaransa Augustin Mouchot alikusanya jua kwa kioo kikubwa akagandisha barafu mbele za watu. Leo paneli na kompresa ya kawaida ni rahisi kuliko mtambo ule, sitawadanganya. Lakini fikra yake haijafa. Kila mtu anayeuza sola ananiuliza nitahifadhi wapi stima ya mchana, na kila mmoja ana betri ya kuniuzia. Wavuvi wetu wanahitaji barafu, si stima. Tani moja ya barafu iliyogandishwa saa sita mchana ina ubaridi wa yuniti zaidi ya 90, inakaa kwenye sanduku lenye kuta za kuzuia joto usiku kucha, haihitaji inveta, na ikichoka inakuwa maji. Kwa fundi wa friji, barafu ndiyo betri. Jengo kubwa lenye AC inayozungusha maji ya baridi linaweza kufanya vivyo hivyo, kugandisha mchana na kuyeyusha usiku. Hata msikiti ungeweza, kama tungekuwa na pesa za msikiti wa Dubai.

Kwa kaunti ombi langu ni dogo. Mpango wa nyumba ukiletwa kupitishwa, watu hukagua choo, ngazi, mpaka wa jirani. Akaguliwe pia mwenye nyumba paa lake lina rangi gani, lina silingi ya namna gani, dirisha lake la magharibi limekingwa na nini, na pameachwa mahali pa sanduku la maji ya moto na pa paneli. Kuongeza hayo kwenye karatasi kabla ya ujenzi hakugharimu kitu. Kuyaongeza baada ya miaka kumi, niulizeni mimi niliyetoboa ukuta wa baba yangu mara tatu.

Kamati yetu inakutana Jumapili baada ya alasiri. Nimemwomba imamu waje mapema kidogo, saa saba na nusu, na mmoja wao, akipenda muuzaji mwenyewe, apande nami juu ya paa kabla hawajajadili karatasi yoyote. Ngazi nimeshaazima kwa fundi rangi. Msomaji wenu wa Nyali naye anakaribishwa, avae viatu vyenye soli nene.

Fundi wa mafriji mstaafu,
Majengo, Mombasa.